Pini ya Nne

Dada mpenzi,

Huku hatujambo. Kuku wako wameanza kutaga, na baba bado anagombana na redio. Jumapili nimekuwa wa pili kwenye mbio, kwa hiyo acha kunicheka.

Unakijua kisigino changu cha kushoto. Kila mbio, kilomita ya kumi na mbili, lazima kiniume. Safari hii nilifika hapo nimekaza meno, nikingoja. Wapi! Nikasema ahsante Mungu, kimepona, nikakimbia kama sina akili nzuri.

Asubuhi ile nilibana namba kifuani kwa pini tatu, maana ya nne ilinidondoka nikivaa, nikaitafuta nisiione. Baada ya mbio nikavua kiatu, soksi imelowa damu. Pini ilikuwa wazi, imezama kisiginoni. Kilomita ishirini na moja, dada, na sikusikia kitu.

Kocha anacheka, ananiita Mguu wa Chuma. Baba sijamwambia.

Wewe ndiye uliyemuuguza mama mpaka akakatwa mguu kwa ajili ya sukari. Nijibu upesi, na usinifiche: naye alianza hivi, kwa kudhani amepona?

Mdogo wako, anayejifinya kisigino akikuandikia