Mtoto wa Pili wa Mwanaidi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mdogo wangu Rehema akikusomea haya, naomba akukalishe kwanza, maana nakujua, utasikiliza umesimama na jembe mkononi. Goti linaendeleaje? Na migomba ya kule juu, mvua imeibakiza? Mimi mzima, ila nimechoka, mama. Nimechoka mpaka joto la Mtwara silisikii tena.

Uliniuliza kwenye simu ni kazi gani hii isiyonipa nafasi ya kuja nyumbani Kinole, nami nikakujibu kwa mkato. Nisamehe. Ngoja nikueleze leo, kwani kuna jambo limetokea.

Hapa hospitali tumeweka programu ya majibu ya maabara. Majibu ya siku nzima yanakaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta kama jedwali, huku jina, huku kipimo. Nesi akiandika jina, programu inamletea jibu moja papo hapo. Sifa yake ndiyo hiyo, haraka. Ila ikishakuta jina la kwanza linalofanana, haiendelei kutafuta. Ni kama umtume mtu uani akalete kikapu cha bibi, abebe cha kwanza anachokikuta, arudi mbio bila kuuliza kipi.

Sasa wewe unajua, kwetu mtoto hapewi jina mpaka siku ya saba. Huku nako wengi ni hivyo hivyo. Kwa hiyo maabara wanaandika "Mtoto wa Mwanaidi", basi. Deo, kiongozi wetu wa kazi, wanawe walipata majina wakiwa bado tumboni, hakulifikiria hilo kabisa. Wala mimi niliyekulia kwako sikulifikiria.

Jana asubuhi nilikuwa wodi ya wazazi namwelekeza nesi. Mwanaidi, binti mdogo tu, amejifungua pacha, wasichana wawili, na alishafunga kanga yake tayari kwenda nyumbani. Watoto wote wawili walikuwa wamepimwa damu kwa sababu ya manjano, yale yanayogeuza rangi ya macho na ngozi ya kichanga. Nesi akaandika jina, likaja jibu zuri. Akaandika tena kwa ajili ya wa pili, likaja lile lile, hata nukta haikupishana. Akaanza kuwaandikia ruhusa. Nikamwambia, "Dada, subiri. Hilo ni jibu la mtoto mmoja."

Nikalifungua jedwali lote, mstari kwa mstari. Mistari miwili, jina moja. Wa kwanza mzima. Wa pili manjano yake yamepanda vibaya mno.

Wakamchukua mbio, wakamlaza chini ya taa ya kutibu manjano. Daktari anasema angefika kwao kijijini, tungempoteza. Mpaka sasa hanyonyi vizuri, analala lala tu, na mimi kila nikipata upenyo nakwenda kumchungulia.

Deo alikuja amefura. Akasema tuwaambie akina mama wataje jina mtoto akizaliwa tu, kazi iishe. Mwanaidi alimsikia. Akasema taratibu, "Hajakaa bado duniani, kaka. Nimpe jina nimzike nalo?"

Deo akarudi kwenye kompyuta. Tangu hapo tunaiandika upya programu, kila mtoto apate namba yake, na jina likiwa la wawili programu igome, iulize yupi. Macho yananiuma, mgongo unaniuma, na likizo yangu ndiyo imekwenda na maji. Nilitamani sana kuja, mama. Nalia kidogo nikiandika haya, ila usimwambie Rehema. Ala, kumbe ndiye anayesoma. Haya Rehema, usinicheke.

Nisalimie mjomba, mkubwa wa ukoo wetu, mwambie maneno ya shamba yanisubiri. Msalimie na shangazi aliyeko Kilakala, na jirani yetu anayekutekea maji siku goti likikaza.

Na ukiswali, mama, muombee yule mtoto. Siku yake ya saba ni Ijumaa. Jina hana, wewe sema tu mtoto wa pili wa Mwanaidi. Mwenyezi Mungu hatamchanganya na mwenzake.

Ni mimi binti yako, ninayekukumbuka,
Zuhura