Salamu za Rayan

Jette, Brussels,
Jumamosi, 24 Agosti 2024

Mpendwa dada yangu Rukiya,

Assalamu alaikum. Goti linaendeleaje? Yale mafuta ya kuchua niliyompa Kadiri mara ya mwisho yalikufaa, au uliwagawia majirani wote wa Buyenzi kama kawaida yako? Mimi mzima, alhamdulillahi. Barua hii ataileta Kadiri huyohuyo. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu yako unaisikilizia uani, na nyumba nzima inajibu. Haya ya leo nataka uyasome peke yako, umekaa.

Kwanza nikuchekeshe. Mwezi uliopita nilikwenda likizo Ufaransa, kwa baiskeli! Ndiyo, mimi Rayhana, niliyekuwa nalia kaka yetu Mansour akinipakia kwenye keria. Nilijifunza mwaka juzi kwenye bustani hapa Jette, hijabu chini, kofia ngumu juu. Watoto wa watu walinipigia makofi.

Nilipanda treni na baiskeli yangu mpaka Dijon, halafu nikafuata njia ya kando ya mfereji siku tatu. Usifikirie mtaro wa kwetu. Huu ni mpana, boti zinapita, na miti imepandwa huku na huku. Kila baada ya mwendo kidogo kuna milango ya maji: boti inaingia, mlango unafungwa nyuma yake, maji yanajaa, na boti inapanda nayo. Uwii, nilikuwa nasimama kila mara! Nageuka nimwambie mtu, "Hebu tazama ile," na hakuna mtu. Siku zote tatu neno langu lilikuwa bonjour basi. Nilipopata pancha nikaigombeza baiskeli kwa Kiswahili, nikaona afadhali nimeongea.

Niliokuwa nawafuata ni Mathilde, muuguzi niliyefanya naye kazi miaka mingi, na mume wake Ghislain. Wamestaafu, wakanunua boti, na wakati wa joto ndiyo nyumba yao. Waliponiona walipiga honi mpaka bata wakaruka. Sambusa nilizowabebea zilikuwa zimevunjikavunjika, lakini walizila zote, masikini.

Jumapili Rayan alikuwa ameahidi kuja kutoka Lyon kula nasi. Mathilde akaandaa sahani nne. Nilimngoja mwanangu pale darajani tangu saa nne asubuhi. Saa saba akaniandikia: "Samahani mama, kazi." Ghislain akaiondoa ile sahani polepole, akidhani simwoni.

Sasa unajiuliza, Rayan na Lyon wapi na wapi? Dada, nimekudanganya. Rayan alihama miaka miwili iliyopita. Hatukugombana. Alipata kazi huko, akapata na mchumba, ananipigia akikumbuka. Kila niliposema "Rayan anakusalimia", hakuwepo. Na mwaka jana ulipoomba kuja kunitembelea, nikakujibu nyumba imejaa, Rayan anahitaji chumba chake. Chumba kitupu, dada! Niliona aibu. Wewe ulibaki kumuuguza mama ili mimi niondoke na mtoto nikamlee huku. Ningekukaribisha vipi unikute nakula peke yangu?

Jumapili ile bado nilijikaza. Kesho yake alfajiri nilikuwa nimelala ndani ya boti, nikasikia hatua za mtu juu ya kichwa changu, kisha maji yanamiminwa. Usingizini nikajua ni wewe umeamka kutawadha, na sasa hivi utanivuta mguu niamke. Kumbe ni Ghislain anaosha boti yake. Nililia mpaka Mathilde akaja kukaa na mimi kitandani. Hapa kwangu sijasikia hatua za mtu asubuhi tangu Rayan aondoke. Nimechoka, Rukiya. Nina upweke, na nimechoka kuuficha.

Bon, basi. Niliporudi nilikwenda commune, ofisi yetu ya mtaa, nikajaza karatasi ya kukualika. Mambo ya viza siyawezi, hayo ni ya Mungu na ubalozi. Nakala ya karatasi hiyo iko humu ndani ya bahasha. Kuna mstari wanauliza nyumbani wanakaa nani na nani. Pale nimeandika jina moja.

Ukikasirika, una haki yako. Kasirika, lakini njoo. Utanigombeza ukiwa hapa, hata kila asubuhi.

Nisalimie Mansour, na mwambie keria ya baiskeli yangu ni madhubuti kuliko yake. Mbusu Latifa wake, na umpe mama Yolande wa jirani pole ya msiba. Mola akulinde wewe na goti lako, akufungulie njia.

Rayan safari hii hakusalimii, hajui hata kama naandika. Salamu zote hizi ni zangu peke yangu.

Mdogo wako anayekupenda na kukungoja,
Rayhana