Msalaba Mpya wa Crescencio

Mwaka umetimia, kaka Crescencio, tangu ulipoanguka kati ya matuta ya stroberi hapa Watsonville, kasha bado mkononi. Nyapara aliwapa hospitali jina alilolijua, lile la kitambulisho chako cha kazi: Hilario Feria. Jina langu mimi, mdogo wako.

Basi ukazikwa ukiwa mimi. Siku tisa za sala bibi Tomasa, anayetuongozea ibada za msiba, alisoma jina la msalabani, "Umpe Hilario pumziko la milele," nami nimekaa mstari wa mbele najibu, "Amina." Wewe ungecheka mpaka ushike mbavu. Sisi hatukucheka.

Ulikuwa mwepesi wa mkono. Ukimaliza tuta lako ulirudi kumsaidia aliyebaki nyuma, nyapara asipate la kumfokea. Pilipili zako ulizipanda kwenye makopo ya rangi mlangoni, na ole wake aliyezimwagilia jua likiwa kali.

Lakini nina hasira, kaka, na nyingine nakukasirikia wewe. Mwaka 1985 zamu ya kumtunza mtakatifu wa kijiji chetu kule Oaxaca, Mexico, iliangukia nyumba yetu: mishumaa, karamu, wapiga tarumbeta, mwaka mzima. Mmoja wetu alipaswa kurudi. Ulisema, "Baki wewe, hujui hata kuchinja bata mzinga." Ukiwa huko, serikali ya huku ikatangaza kwamba aliyefanya kazi mashambani siku tisini mwaka ule atapewa makaratasi ya ukaazi. Mimi nilikuwepo. Wewe ulikuwa umemshikia mtakatifu mshumaa, wako na wangu.

Uliporudi kwa miguu kupitia jangwani, mlango ulikwisha fungwa. Nikakuazimisha jina langu ufanyie kazi, nikadhani tumekuwa sawa. Mimi nikapata lori na nyumba, na mama alipofariki nikapanda ndege kwenda kumzika. Wewe ulimlilia kwenye simu. Usawa gani huo?

Sasa maofisini mimi ni marehemu, na leseni yangu imefutwa. Karani aliniambia, "Mzee, lete uthibitisho kwamba uko hai."

"Si huyu hapa nakohoa mbele yako?"

"Basi eleza aliyezikwa ni nani."

Nikachukua kofia yangu nikatoka, na miezi yote hii sijarudi. Nikieleza, mkeo Eufrasia, ambaye naye hana makaratasi, ataitwa aulizwe.

Wiki iliyopita akanijia mwenyewe. "Shemeji, nimechoka kumwombea mume wangu kwa jina lako. Mwandikie lake. Wakiniita nitakwenda."

"Na wakikurudisha Mexico?"

"Wewe utamwagilia pilipili. Jioni, si mchana."

Jumapili baada ya misa tutang'oa msalaba wa zamani tusimamishe mpya. Padri amekwisha andikiwa jina sahihi, na bibi Tomasa ameahidi kulisoma polepole.

Unakumbukwa na mkeo Eufrasia. Binti yako Noemí, aliyezaliwa huku, hivyo ni raia na hana wa kumwogopa. Dada yetu Perfecta, aliyebaki kijijini na mishumaa. Na mimi Hilario, marehemu mpaka Jumatatu, nitakaposimama mbele ya karani yule na kumwambia ulikuwa nani.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu, Crescencio Feria Lázaro. Tangazo hili la kumbukumbu ni karatasi ya kwanza yenye jina lako katika nchi hii.