Sabuni Ilienda na Maji

Odila,

Wewe mwanamuke, ni tabia gani hii? Tangu tukuzike umekwenda kwa binti yako Neema katika ndoto, umekwenda hata kwa yule muzee jirani ambaye mulikuwa hamusalimiani, na kwangu hapana. Nyumba unaijua. Umekawia mpaka nimechoka kukungojea. Kalamu siijui, Riziki mujukuu wangu njo anaandika, na nimemukataza kutengeneza maneno yangu.

Sijalia. Wanawake wa parokia wananiangalia macho, wanangoja. Machozi hayaji. Ninapika, ninakula, sijui kama niliweka chumvi. Juzi nilitoka sokoni na mihogo, miguu ikanipeleka kwako. Nikasimama katika lupango yako, pale uani, na kitunga kichwani, kisha nikarudi. Ni hivyo tu.

Sasa sikia habari ya bulangeti. Matanga yalipoisha, wifi zako waliotoka Mpala walikusanya nguo zako zote, wakaenda kuzifua ziwani, kama inavyofanywa kwa muntu aliyekufa. Hawakukosea. Lakini kati ya zile nguo kulikuwa na bulangeti ya mutoto ambaye Neema anamungoja, ile ya vipande vya vikwembe vyeusi. Ulikwisha kuichora yote na kipande cha sabuni, nifuate mistari na uzi, na mimi nilikuwa nimeshona upande mumoja tu. Wakaisugua vizuri, wale wamama! Nilifika wameitandaza juu ya mawe. Uzi wangu uko pale. Kwingine kote, hakuna kitu. Mistari yako yote ya sabuni ilienda na maji.

Nilitazama. Nikawauliza kama wamekwisha kula.

Neema alikuja kwangu na tumbo lake, miguu imevimba, akaiweka ile bulangeti kwenye magoti yangu. Alisema: "Mama mukubwa, ukiichora wewe, itakuwa ya mama yangu ao itakuwa yako?" Nikamuambia anyamaze, alete karatasi ya mufuko wa simenti.

Tuliweka karatasi juu ya upande ulioshonwa, nikasugua makaa polepole. Alama ya uzi ikajitokeza katika karatasi, jani kwa jani. Nikatoboa ile mistari kwa sindano. Kisha tukahamisha karatasi upande ulio mutupu, nikafunga unga wa muhogo katika kitambaa, nikagonga, nikagonga juu ya matundu. Kuku wakakuja wakifikiri ni chakula chao. Nilipoinua karatasi, matembele yako yalikuwa pale, meupe juu ya kitambaa cheusi, yanatambaa kama ulivyoyachora. Hata lile jani moja lenye mukia murefu, uliloharibu siku kikohozi kilikukamata ukasema, "Acha, na lenyewe ni la shamba." Neema akaligusa na kidole, akalia. Mimi nilishika karatasi. Nikamuambia: "Unaona? Ni ya mama yako."

Lakini kona, Odila! Upande nilioshona, uzi haukufika kwenye kona hata moja. Wewe ulikuwa ukichora kona, mimi ninatia uzi katika sindano na kusema watu. Ulinieleza, "Jani halikunjwi, linageuka," nami nikakucheka. Sasa linageuka namna gani? Nilichora, nikafuta na maji, nikachora tena. Inatoka muguu wa mbuzi. Neema anasema niache kona zote bila kitu. Nimekataa. Matembele ya mama yake hayatakatika pale kama yameliwa na panya. Kwa hiyo kona tatu nimezishona hivyo hivyo, na miguu yangu ya mbuzi. Imebaki ile ya upande wa kichwa, na mutoto anaweza kuja siku yoyote.

Lala salama, mwenzangu. Akizaliwa, nitamufunika mimi mwenyewe, wifi zako watakaa pembeni. Akianza kusikia maneno, nitamuonyesha: hapa ni nkambo yako Odila, mama ya mama yako, hapa ni mimi nilipotafuta njia.

Na usiende tena kwa Neema, anahitaji usingizi. Kuja kwangu, muchana, ninapojilaza kidogo nikisha kula. Habari za kule utanipa baadaye. Kwanza chora kona, polepole, na utoe kiwiko chako pale, nione.