Jiwe Jeusi la Papa

Kawempe,
Kampala.
14 Juni 2025

Mpendwa dada Annick,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mnaendeleaje huko Edmonton? Shemeji Lawrence hajambo? Watoto wanasoma vizuri? Na ule mgongo wako, umetulia, au bado unawainua wagonjwa peke yako kwa sababu hutaki kuomba msaada? Nakujua. Sisi huku tu wazima, ila nyumba imepwaya. Mama ameanza kula, na jana alisuka nywele kwa mara ya kwanza tangu matanga.

Dada, najua unachongoja. Tangu tumzike Papa umeniomba kitu kimoja tu, picha yake ya mwisho. Hukupata ruhusa ya kusafiri, hukumwona, hukutupa udongo. Ile picha iliyotangulia mbele ya jeneza ni ya zamani, ya siku za Bukavu, na unasema huyo ni Papa uliyemwacha, si Papa aliyetutoka. Ni kweli. Lakini ugonjwa ulipomkondesha alitukataza kabisa. "Mutoto wangu, usinipige foto. Annick anikumbuke na mashavu yangu." Sikuweza kuvunja neno lake.

Sasa nivumilie nikueleze habari za mawe, ule mchezo wangu unaoucheka. Bado ninayo ile mashine niliyoundiwa kwa mota ya mashine ya kufulia. Nikishafunga duka la vitenge nakata kipande cha jiwe, nakigandisha kwenye kijiti kwa nta, kisha nakisaga huku maji yakidondoka mpaka kiwe bapa chini na mviringo juu, kama nusu ya yai. Halafu msasa mkali, msasa laini, laini zaidi, na mwisho ngozi yenye unga wa kung'arishia. Siuzi. Majirani wanasema nina wazimu, na viganja vyangu kweli vimekuwa vya fundi ujenzi. Lakini Papa alipokuwa mgonjwa, kazi hiyo ndiyo iliyonishikilia nisianguke.

Naye aliipenda. Kuna jiwe moja jeusi alilolichagua mwenyewe kwenye kokoto zilizomwagwa mbele ya nyumba inayojengwa hapa jirani. Nililidharau. Jiwe la zege lina nini? Tulipolisugua likatoka jeusi ti, linang'aa kuliko mawe yote niliyowahi kununua. Papa akaringa wiki nzima.

Shida ikaja kwenye kupiga picha. Jiwe la namna hiyo likishang'aa huonyesha kila kilicho mbele yake, dirisha, simu, hata pua yangu. Kwa hiyo Papa alikuwa anaketi dirishani akinishikia shuka jeupe ili mwanga uwe laini. Kila picha iliyoingiza kitu kingine niliifuta. Yeye akicheka: "Jiwe yako inapiga watu foto bila kuomba ruhusa!" Dada, kicheko kile nakikosa kuliko vyote.

Siku ya mwisho aliyoweza kuketi, nilipiga moja nikamwonyesha. Nilitaka kuifuta kwa sababu shuka lilionekana kwenye jiwe. Aliitazama kwa muda, akanishika mkono. "Hii wacha," akasema. "Utamutumia Annick." Nikadhani anajivunia jiwe lake. Nikaiacha kwenye simu, na hekaheka za hospitali zikanisahaulisha.

Juma lililopita, baada ya wewe kulia kwenye simu, niliifungua nikaikuza. Juu ya mgongo wa jiwe kuna shuka jeupe, na kwenye pembe zake mikono miwili. Ni yake, hata kile kidole kilichopinda kipo. Kofia yake ya sufu inachungulia kwa juu. Uso umefichwa na shuka. Nililia mpaka Mama akaja kuona kuna nini. Akaitazama, akamtambua, akasema tu, "Njo yeye."

Ningeweza kukutumia kwa WhatsApp, lakini sikutaka ikukute kazini katikati ya watu. Nimeisafishia studio ya picha kule Ntinda, kwa ukubwa, na mama Rosalba wa kanisani, anayehamia huko kwenu, atakuletea pamoja na barua hii. Usitafute uso, maana hakutaka tuuone. Tafuta mikono.

Msalimie sana shemeji Lawrence, na uwabusu Victoire na Ulrich kwa niaba ya shangazi... hapana, mama yao mdogo, tazama nilivyochoka. Kaka Pitshou anakusalimu. Mama anakuombea kila jioni, na anasema Mungu akufunike mahali ambapo mikono yetu haifiki.

Jiwe lenyewe nalo limo kwenye bahasha, nimelifunga kwa kitambaa. Lifute vizuri, uketi karibu na dirisha, uliinamie. Pale alipokuwa Papa utauona uso wako.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Bibiane