Kibaba cha Unga si Kibaba cha Maharage

Jumanne, baada ya magharibi

Ratili moja na robo kwa kila kibaba, eti iwe unga, iwe maharage. Mpaka sasa hasira haijaniisha.

Yohana, msimamizi wetu mpya hospitalini, ni wa umri wa mwanangu wa kwanza. Asubuhi ameleta mizani jikoni kwangu, akapima kopo langu la kibaba lililojaa unga, akaandika ratili moja na robo, kisha akaniagiza nipime vyakula vyote kwa uzito huo.

Nikamwambia, "Mwanangu, maharage ni mazito kuliko unga. Kibaba chake kinapita ratili moja na nusu. Pima uone."

Hakupima. "Mama Zaina, wewe pika. Hesabu niachie mimi."

Miaka kumi na moja nawapikia wagonjwa, halafu hesabu nimwachie yeye.

Basi nimepika. Maharage yaliyotakiwa yawe vibaba ishirini yametoka kama kumi na sita, na wagonjwa wa mwisho wamepata mchuzi mtupu.

Mama mmoja aliyetoka Getanuwas, aliyejifungua juzi, alilitazama bakuli lake, akaniuliza taratibu, "Mama, nimekosa nini?"

Alidhani ninamwadhibu. Nikalichukua bakuli lile mpaka ofisini, nikaliweka juu ya karatasi za Yohana, nikamwambia alirudishe mwenyewe wodini na amjibu yule mama.

Alikwenda. Aliporudi hakuniangalia usoni. "Kesho pima unavyojua," akasema.

Sikumshukuru. Chakula changu nimempa yule mzazi. Wengine saba wameshinda na mchuzi.