Jeti Haitashuka Mandera

Baba Nekesa, habari za Kitengela? Mimi niko sawa, ni mgongo tu umekataa kunyooka.

Nimekaa chini ya bawa la ndege yetu hapa Mandera, maana hakuna kivuli kingine. Mkurugenzi wetu bado anataka tununue jeti ndogo, ati abiria wamechoka na kelele za propela. Safari yote mimi rubani wake nimemwambia jeti itavuta changarawe ya uwanja huu ndani ya injini. Hasikii.

Leo mwalimu mmoja amemleta mamake anayeenda Nairobi kufanyiwa operesheni ya macho. Mwalimu akatusikia tukibishana, akamuuliza mkurugenzi, "Hiyo jeti ikija, itashuka hapa?"

Mkurugenzi akanitazama. Nikasema, "Haitashuka."

Yule mama akacheka. "Basi leteni hii ya kelele. Macho ndiyo yamekufa, masikio yatavumilia."

Mkurugenzi akamaliza chai yake. Halafu akasema, "Sawa, Mama Nekesa. Tununue ya propela."

Nimechoka hata kufurahi siwezi. Kesho tunarudi na huyo mama kupitia Wajir. Nichemshie maji ya kuoga, unibusie watoto, kisha mniache nilale.

Wako, Mama Nekesa